Namba za Injini Zinaoana. Kwa Hiyo?

Tuseme umesimama kwenye uwanja wa mnada wa magari ya zamani huko Marekani. Mbele yako kuna Chevrolet Chevelle SS ya 1970, nyekundu, yenye michirizi miwili myeusi juu ya boneti. Muuzaji anafungua boneti, anawasha tochi, anakuonyesha herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma mbele ya injini. Halafu anakupeleka kwenye kioo cha mbele, anakuonyesha kibao cha namba ya gari juu ya dashibodi. "Unaona? Zinaoana. Injini orijino hii, gari lilitoka nayo kiwandani." Kwa maneno hayo machache, bei imepanda kwa makumi ya maelfu ya dola.

Swali letu leo ni dogo tu: hapo umeambiwa nini hasa?

Najua wengi wenu hamna mpango wa kununua Chevelle. Hata mimi sina, na posho ya mwanafunzi wa uzamili unaijua. Lakini kila tunaponunua gari la mtumba hapa kwetu tunafanya jambo linalofanana na hilo: tunachukua kadi ya gari, tunainama, tunalinganisha namba ya chesisi na namba ya injini. Zikioana tunapumua. Kwa hiyo hebu tuichunguze pumzi hiyo. Hoja yangu naisema mapema ili usijisumbue kuitafuta: kipimo cha namba kuoana ni kizuri sana kwa kukataa na ni dhaifu sana kwa kuthibitisha, na soko la magari haya limekigeuza kichwa chini miguu juu.

Magari yenyewe ni yapi?

Wamarekani huyaita magari ya misuli. Ni magari ya ukubwa wa wastani, bei ya kawaida, yaliyotiwa injini kubwa kupita kiasi, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya 1964. Chevelle ya 1970 ni mfano mzuri kwa sababu gari hilohilo, bodi ileile, ungeweza kuliagiza na injini ya V8 ya kawaida yenye ujazo wa inchi 307, au ukaliagiza na injini ya inchi 454 iliyoitwa LS6, ambayo kiwanda kilitangaza nguvu zake kuwa farasi 450. Kati ya hizo mbili kulikuwa na injini nyingine kadhaa, ikiwemo 454 ya pili iliyoitwa LS5, yenye farasi 360.

Leo tofauti ya bei kati ya Chevelle ya injini ndogo na ile ya LS6 ni kubwa mno. Na si Chevelle peke yake. Mwaka 2014, kwenye mnada wa Seattle, Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971 iliuzwa kwa dola milioni 3.5. Gari lilelile likiwa na injini nyingine lingekuwa gari zuri la zamani tu. Kwa hiyo ukweli kuhusu kipande kimoja cha chuma unabeba karibu thamani yote. Pesa ya namna hiyo ikitegemea namba zilizogongwa kwa nyundo, hutahitaji shahada kujua kitakachofuata.

Maswali mawili yanayochanganywa

Kosa la kwanza ninaloliona katika maelezo mengi ya "jinsi ya kukagua" ni kuchanganya maswali mawili.

Swali la kwanza: je, gari hili lilizaliwa na injini ya aina hii? Swali la pili: je, bloku hii, kipande hikihiki cha chuma, ndiyo ile iliyowekwa siku ile kiwandani?

Kwa baadhi ya watengenezaji, swali la kwanza lina jibu kwenye namba ya gari yenyewe. Katika magari ya Ford ya miaka hiyo, alama ya tano ya namba ya gari inataja injini: kwa Mustang, Z ni Boss 429, G ni Boss 302. Chrysler nao walifanya hivyo: kwa mwaka 1970 na 1971, R katika nafasi ya tano ni Hemi ya inchi 426. Kwa hiyo Plymouth yenye R ilizaliwa na Hemi, hata kama Hemi iliyomo leo imetoka kwenye gari jingine. Swali la kwanza limejibiwa, la pili bado.

Sasa njoo kwenye Chevelle yetu. Namba yake inaanza 136370. Tarakimu 1 ni Chevrolet, 36 ni daraja la Malibu lenye V8, 37 ni umbo la bodi, 0 ni mwaka 1970. Inafuata herufi ya kiwanda, kwa mfano K kwa Kansas City, kisha tarakimu sita za mfuatano. Umeona injini hapo? Hakuna. Namba inasema "V8" na kunyamaza. Iwe 307 ya kwenda sokoni au LS6 ya mashindano, namba inaanza vilevile. Na Chevrolet ya Marekani, kwa magari mengi ya kipindi kile, haina kumbukumbu za agizo la gari mojamoja unazoweza kwenda kuomba leo. Wenye Pontiac wana huduma ya nyaraka za kihistoria. Wenye Ford za kuanzia 1967 wana ripoti za Marti zilizotokana na kumbukumbu za kiwanda. Mwenye Chevelle amebaki na chuma, na karatasi kama alibahatika kuzirithi.

Hapo ndipo mantiki inapoanza kujizungusha. Unauliza: tutajuaje gari hili ni LS6 ya kweli? Unajibiwa: kwa sababu bloku iliyomo ni ya LS6. Unauliza tena: tutajuaje bloku hiyo ni ya gari hili? Unajibiwa: kwa sababu imegongwa namba ya gari. Yaani bloku inalitetea gari na gari linaitetea bloku, na mashahidi wote wawili wamelala nyumba moja usiku kucha. Mahakamani wasingekubaliwa.

Namba zenyewe zinasema nini

Tuwe waadilifu, mfumo huu wa namba una akili ndani yake, na inafaa uujue.

Bloku ya injini hizi ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Kalibu inaacha alama zilizoinuka juu ya chuma: namba ya aina ya bloku, na tarehe. Tarehe ya Chevrolet huandikwa kwa herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L ni Desemba, kisha siku, kisha tarakimu moja ya mwisho ya mwaka. "A 20 0" ni tarehe 20 Januari, mwaka unaoishia na sifuri. Angalia: unaoishia na sifuri, basi. Mwaka 1980 nao unaishia na sifuri.

Bloku ikishapoa inakwenda kuchongwa. Uso wa juu unaopokea silinda hedi unakwanguliwa na chombo kirefu chenye meno mengi, na meno hayo yanaacha mistari myembamba iliyonyooka, sambamba, inayokwenda urefu wa injini. Sehemu ndogo ya uso huo hubaki wazi, mbele ya silinda hedi ya upande wa kulia. Hapo ndipo namba zinapogongwa.

Zinagongwa mara mbili, na hili ni muhimu. Mara ya kwanza ni kwenye kiwanda cha injini. "T0206CRV" maana yake ni: Tonawanda, jimbo la New York, tarehe 6 Februari, na CRV ni msimbo wa LS6 iliyokusudiwa gari la gia za mkono. Mara ya pili ni kwenye kiwanda cha magari, injini inapowekwa: hapo inagongwa sehemu ya namba ya gari, yaani 10K na zile tarakimu sita. Viwanda viwili, watu wawili, vifaa viwili tofauti.

Mwisho, kwenye bodi kuna kibati chenye wiki ya utengenezaji. "02C" ni wiki ya tatu ya Februari. Sasa panga mfuatano: chuma tarehe 20 Januari, injini 6 Februari, gari wiki ya tatu ya Februari. Unaingia vizuri. Kama chuma kingekuwa na tarehe ya Mei, tungemaliza mazungumzo, maana injini haiwezi kuwekwa kwenye gari kabla haijazaliwa.

Umeona nguvu ya kipimo iko wapi? Iko kwenye kukataa. Tarehe moja isiyowezekana inatosha kuangusha dai zima. Lakini tarehe tatu zinazowezekana zinakuambia tu kwamba dai bado limesimama. Wanasayansi mnalijua hili: nadharia iliyonusurika jaribio haijathibitishwa, imenusurika tu. Tena inategemea jaribio lilikuwa gumu kiasi gani.

Jaribio hili ni gumu kiasi gani?

Hapa tunahitaji hesabu kidogo. Usikimbie, ni ya kujumlisha na kugawanya.

Tufikirie magari 100 yanayouzwa kwa dai la "LS6 orijino". Namba ninazotoa ni za kufikirika, za kuonyesha njia tu. Tuseme 60 ni ya kweli na 40 ni feki. Kati ya yale 60 ya kweli, 58 yana namba zinazooana. Mawili yamechakaa hayasomeki. Kati ya yale 40 feki, je, mangapi yatakuwa na namba zinazooana? Jibu la kivivu ni "hakuna." Lakini fikiria: mtu anayetengeneza LS6 feki anajua kabisa kwamba mnunuzi atainama kuangalia namba. Ndicho kitu cha kwanza atakachokitengeneza. Seti ya vyuma vya kugongea herufi haina bei kubwa. Tuseme 30 kati ya 40 yana namba "nzuri".

Magari yanayopita jaribio ni 58 na 30, jumla 88. Ya kweli kati yake ni 58. Gawanya: asilimia 66. Kabla hujainama ulikuwa na uhakika wa asilimia 60. Umeinama, umepaka magoti vumbi, umewasha tochi, umepanda hadi 66. Hiyo ndiyo thamani ya kipimo ambacho mdanganyifu anakijua na anaweza kukipita.

Sasa chukua ushahidi mwingine: karatasi au picha iliyotoka nje ya mikono ya muuzaji, ambayo ni vigumu kuifoji. Tuseme inapatikana kwa magari 30 tu kati ya 60 ya kweli, lakini feki yanayoweza kuwa nayo ni 4 kati ya 40. Mwenye ushahidi huo ana nafasi 30 kati ya 34, karibu asilimia 88. Ushahidi huu unakosekana kwa nusu ya magari ya kweli, na bado ukiwepo unazungumza kwa sauti kubwa zaidi. Nguvu ya ushahidi haitokani na mara ngapi unaonekana kwenye kitu cha kweli. Inatokana na jinsi ulivyo mgumu kuonekana kwenye cha uongo.

Miongozo mingi ya ukaguzi inaishia kwenye safu ya kwanza tu: "gari la kweli litakuwa na hiki na hiki na hiki." Orodha ndefu, alama ya vema kila mstari. Mkaguzi anafika mwisho na vema kumi na mbili, anajiona ameleta mashahidi kumi na wawili. Sivyo. Mfoji akiamua kutafuta bloku yenye tarehe inayofaa, ataitafuta mpaka aipate, kwa sababu bloku za tarehe zinauzwa kama spea nyingine yoyote. Namba ya aina ya bloku nayo itakuwa sawa: bloku ya 3963512 ilitumika kwa LS5 na kwa LS6 vilevile. Mtu akishapata bloku hiyo ya mwaka unaofaa, vema sita kati ya kumi na mbili zinakuja zenyewe kama kuku nyuma ya mtama. Ni shahidi mmoja aliyevaa kofia sita.

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliona jambo la namna hii mwaka 1975 katika sera za fedha: uhusiano wa kitakwimu unaoutegemea huelekea kuvunjika pale unapoanza kuutumia kuwadhibiti watu. Namba hazikugongwa kiwandani ili kuthibitisha thamani ya mnada. Ziligongwa kwa ajili ya uzalishaji na kwa ajili ya kukabiliana na wizi. Wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzifoji, kwa hiyo zilikuwa kipimo kizuri cha ukweli. Siku soko lilipoamua kwamba namba ndiyo bei, lilianza kukiua kipimo hicho kwa mikono yake.

Kwa hiyo chuma hakina la kusema?

Kinalo, ila usisome namba. Soma uso zilimogongwa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kitu kilichoundwa kina mfuatano wa kazi, na mfuatano unaacha alama. Kwenye bloku ya kweli mistari ya kukwanguliwa ilikuja kwanza, namba zikaja baadaye. Chuma cha kugongea kinapoingia kinasukuma metali pembeni, kinainua kingo ndogo kuzunguka kila herufi, na mistari inavurugika pale herufi ilipokaa. Sasa chukua kioo cha kukuza. Ukiona mistari inapita juu ya zile kingo na kuzikata, mistari hiyo imekuja baada ya namba. Nani aliichora, na kwa nini? Ukikuta hakuna mistari kabisa, uso umesuguliwa. Ukikuta mistari imepinda au inakatiza upande usio wake, hiyo ni kazi ya msasa, si ya mashine ya Tonawanda.

Angalia pia zile namba mbili kama maandishi ya watu wawili. Zimegongwa viwanda tofauti, kwa hiyo hatutegemei kina, umbo la herufi na mnyooko vifanane. Namba mbili zilizokaa kwa adabu, mkono mmoja, kina kimoja, zinapaswa kukutia wasiwasi zaidi kuliko zile zilizopinda.

Kuna na fizikia ya chini zaidi. Ukigonga metali, fuwele zilizo chini ya herufi nazo zinaumia, kwenda chini kuliko shimo unaloliona. Ndiyo maana maabara za polisi zinaweza kuchukua chuma kilichofutwa namba, wakaking'arisha, wakakipaka mchanganyiko wa asidi na chumvi ya shaba, na namba ya zamani ikajitokeza kama mzimu: sehemu iliyoumia inaliwa na asidi kwa kasi tofauti na jirani yake. Kwa chuma laini cha karatasi njia hii inafanya kazi vizuri. Kwa chuma cha kalibu cha kijivu, ambacho ndicho bloku zetu, ni ngumu zaidi, kwa sababu kimejaa vipande vya grafiti, ni chepesi kuvunjika, na hakipokei umbo jipya kama chuma laini. Kwa hiyo usidanganywe na filamu za upelelezi. Mfoji aliyekwangua kina cha kutosha anaweza kuwa amefuta hata mzimu.

Na hapa lazima niseme jambo la upande wa pili, maana haki ni haki. Uso usio na mistari si ushahidi wa kosa. Injini iliyofanyiwa matengenezo makubwa mara nyingi husawazishwa uso wa juu ili gasketi ya silinda hedi ikae vizuri, na fundi mwaminifu wa mwaka 1985, ambaye hakujua wala kujali bei ya leo, alifuta mistari na namba vyote kwa pamoja bila nia mbaya. Magari haya yaliendeshwa na vijana kwa fujo, injini zilipasuka, watu wakaweka nyingine wikiendi ileile. Baada ya shida ya mafuta ya 1973 yalikuwa magari ya bei ya kutupwa. Nani angetunza bloku iliyopasuka ili namba zioane? Hili linatupa kitu ambacho muuzaji hapendi kukitaja: kabla hata ya kuangalia, uwezekano kwamba injini yenye nguvu hivyo imebaki kwenye gari lake zaidi ya miaka 50 si mkubwa kama unavyopenda uwe.

Mwaminifu anaadhibiwa

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi.

Chevrolet walikuwa na bloku za kubadilishia zilizogongwa herufi CE. Injini ikifa ndani ya muda wa dhamana, wakala aliweka bloku mpya yenye alama hiyo. Chevelle yenye CE inakuambia hadithi yake waziwazi: nilizaliwa na injini, ikafa nikiwa mchanga, nikapewa nyingine. Hakuna uongo hapo. Lakini kwa lugha ya soko, gari hilo "haliooani," na bei inashuka. Jirani yake aliyegongwa upya gizani, kwa ustadi, "anaoana," na bei inapanda. Yaani mfumo tuliouunda kutafuta ukweli unamtoza faini msema kweli na kumpa zawadi mwongo. Kisha tunashangaa waongo wanaongezeka.

Hasara yake ni zaidi ya pesa ya tajiri fulani. Mtu wa kawaida aliyestaafu, aliyeweka akiba miaka yote ili apate gari aliloliona akiwa na miaka 17, naye ananunua kwa namba hizohizo. Na kila bloku ya CE inayosuguliwa ili igongwe "vizuri" ni kumbukumbu ya kiwanda iliyofutwa milele. Hiyo ni historia ya teknolojia inaliwa na msasa.

Wataalamu je? Wapo, na walio wazuri wana makusanyo ya picha za nyuso hizi kutoka magari mengi, wanalinganisha umbo la herufi za kiwanda fulani katika wiki fulani. Hii ni kazi ya kisayansi kweli, naiheshimu. Ila baadhi yao hawataki kuonyesha picha hizo wala kueleza wanachokiangalia, wakihofia kuwafundisha mafoji. Naelewa hofu hiyo. Tatizo ni kwamba hukumu isiyoweza kukaguliwa na mtu mwingine inabaki kuwa neno la mtu. Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi kwamba mfumo haupaswi kutegemea adui kutoujua. Kwa maoni yangu hapa tunaweza kujifunza kwake: ujenge ushahidi ambao mfoji hawezi kuutengeneza hata akiujua wote.

Upo ushahidi wa namna hiyo? Upo: ule ambao ili kuufoji lazima urudi nyuma kwenye wakati. Picha ya uso wa bloku iliyopigwa na kuwekwa kwa mtu wa tatu kabla bei hazijapanda. Stakabadhi ya duka la mwaka 1970 iliyo mikononi mwa familia ya mmiliki wa kwanza, si mikononi mwa muuzaji. Karatasi ya kiwanda iliyokutwa juu ya tanki la mafuta mbele ya mashahidi wasio na maslahi. Hivi vyote vinaweza kufojiwa, sikatai, lakini kila kimoja kinahitaji uongo wa peke yake, na uongo mwingi ni mzigo.

Basi tusemeje?

Nikipewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika ripoti za ukaguzi, nitabadilisha sentensi ya mwisho. Badala ya "injini ni orijino", iandikwe: "Hatukukuta kinachopinga dai hili. Hivi ndivyo tulivyoviangalia; hivi ndivyo ambavyo mfoji angeweza kuvitengeneza; hivi ndivyo ambavyo asingeweza kwa urahisi." Ni ndefu, haipendezi kwenye tangazo la mnada. Lakini mnunuzi akiisoma anajua amenunua nini na amekisia nini.

Na wewe, siku ukiinama kwenye injini yoyote, iwe ya Chevelle au ya gari la mtumba mtaani kwenu, kumbuka mambo mawili. Kwanza, usisugue. Usipitishe msasa wala brashi ya chuma ili namba ing'ae. Kitambaa na mafuta laini vinatosha, piga picha kabla na baada. Ushahidi wa kweli uko kwenye ule uchafu na ile mistari, na wengi wanauua kwa kutaka kuusoma. Pili, ukiambiwa "zinaoana," usiulize tena kama zinaoana. Uliza: kama gari hili lingekuwa feki, ningeona nini tofauti na ninachokiona sasa? Kama jibu ni "hakuna tofauti," basi hujakagua chochote bado. Umeangalia tu.